Wimbo wa Kwaya Unaingiaje Kwenye Simu?

Wanakikundi, swali hili huulizwa sana. Mashine huipima sauti na kuandika kila kipimo kwa namba. CD, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka wa 1982, hutumia vipimo 44,100 kila sekunde. Ni mzigo huo! Wimbo wa dakika 4 hula megabaiti 42 hivi. MP3, iliyobuniwa hasa Ujerumani, huacha zile sauti ambazo sikio halizishiki vizuri, na kwa kilobiti 128 wimbo uleule hushuka hadi karibu megabaiti 4. Bando inapona. Lakini kilichotupwa hakirudi, hata mkiichoma tena kwenye CD. Kwa hivyo mkirekodi nyimbo za kuuza, mwambieni fundi awape kwanza nakala nzima, muiweke salama, ndipo mtumiane ile ndogo.