Vitamu vya Nyumbani: Tupike na Binti Zetu Wadogo



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, wapenzi wasomaji, safari hii tumeona tuyaache kidogo masomo ya darasani, tuingie jikoni.

Wengi wenu mnakifahamu kisa alichokisimulia Bi. Aisha (r.a.), kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mwanamke mmoja alimjia akiomba, naye ana binti zake wawili. Bi. Aisha hakuwa na kitu isipokuwa tende moja, akampa. Yule mama akaigawa vipande viwili, kila binti akapata chake, yeye mwenyewe asionje. Mtume (s.a.w.) alipoingia akasimuliwa, akafahamisha kuwa mwenye kupewa mtihani wa mabinti kisha akawafanyia wema, basi watakuwa kinga yake na Moto. Kila tunapokifundisha kisa hiki katika darasa la watoto, lazima mmoja atauliza: je, walishiba? Tunamjibu kuwa hilo hatukuambiwa. Tulichoambiwa ni namna ile tende ilivyogawiwa.

Sasa tujiangalie wenyewe. Binti wa miaka mitano akisogea jikoni huambiwa, "Toka hapo, utaungua!" Ni kweli anaweza kuungua, na jambo hilo tutalieleza. Lakini binti huyo huyo akifika miaka 14 anasemwa mbele ya wageni kwamba hajui hata kukoroga uji. Alifundishwa lini? Na kile kitamu ambacho zamani alikipokea mkononi mwa mama au bibi yake, leo anakinunua kwa sarafu nje ya geti la shule: pipi, barafu, na ubuyu uliotiwa rangi nyekundu mpaka ulimi unageuka.

Sisi wakazi wa chini ya milima ya Uluguru hatuna kisingizio. Kinole, Mkuyuni na Matombo kunatoka ndizi, nazi, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Mchele tunaupata Kilombero, na sukari inatengenezwa huko huko Kilombero na pia Mtibwa. Vyote hivyo mtu anavikuta Soko Kuu la Chifu Kingalu, lile jipya lililofunguliwa mwaka 2021, au kwa kina mama wanaoteremka na mizigo yao kichwani tangu alfajiri.

Tuanze na kitu kisichotaka moto, kwa ajili ya wale wadogo kabisa. Chukua tende, zitolewe kokwa, zipondwe kwa mkono au kwa mchi. Changanya na karanga zilizokaangwa na kutwangwa, kisha mtoto aviringe vidonge kama vya gololi na kuvigaragaza kwenye nazi iliyokunwa. Basi, imekwisha. Mtoto wa miaka minne anaweza, madhali amenawa mikono na kusema Bismillahi. Ila vidonge vyenye nazi mbichi viliwe siku hiyo hiyo, maana nazi huchacha upesi katika joto letu.

Kabla karanga hazijakaangwa, zimwagwe kwenye ungo na binti akae azichambue. Hii si kazi ya kumpotezea muda. Karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri huota ukungu unaotoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo hudhuru ini. Mwaka 2016 sumu hiyo ilipatikana katika mahindi huko mikoa ya Dodoma na Manyara, na watu walikufa. Kukaanga hakuiondoi yote, wala mtu hawezi kuionja ulimini. Basi tumfundishe binti kutoa kila punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotoboka au yenye ukungu, na zilizotolewa zitupwe, wasipewe kuku. Macho ya watoto ni makali kuliko yetu. Tumewahi kumaliza ungo mzima tukidhani ni safi, akaja mtoto wa darasa la kwanza akatoa nyingine kumi.

Ndizi nazo zisitupwe zinapoiva kupita kiasi na ganda kuwa jeusi. Hapo ndipo sukari yake imekuwa nyingi. Ndizi mbili za namna hiyo zipondwe na binti kwa mikono yake miwili (kazi hii huipenda mno), uongezwe unga wa ngano kikombe kimoja, yai, iliki kidogo, na tui au maziwa mpaka uwe rojo zito. Mama achote kijiko kikubwa kikubwa na kukaanga kama chapati za maji. Sukari ya kuongeza haina haja.

Kashata ndizo zinazotaka maelezo zaidi, maana hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Mara ya kwanza tulipozipika na wanafunzi wetu ziligoma kuganda kabisa, tukazila kwa vijiko, na watoto wakasema ni nzuri hivyo hivyo. Kosa lilikuwa letu: hatukuijua shira.

Kwa kashata za nazi, tumia vikombe viwili vya nazi iliyokunwa, kikombe kimoja na nusu cha sukari, na nusu kikombe cha maji. Sukari na maji vichemke kwanza peke yake. Maji yanapopungua, shira huwa nzito na joto lake hupanda kupita lile la maji yanayochemka, ambalo ni nyuzi 100. Haja yetu ni ifike kama nyuzi 115, na kwa kuwa hatuna kipimo jikoni, tunatumia bakuli la maji baridi. Mama adondoshe tone la shira ndani ya bakuli, binti aliguse kwa vidole likiwa limekwisha kupoa majini. Likiyeyuka, bado. Likikusanyika na kuwa kidonge laini kinachobonyea, ni wakati wa kutia nazi na iliki. Hapo ukoroge bila kuacha mpaka mchanganyiko ujivute na kuachana na sufuria, umimine kwenye sinia lililopakwa mafuta, uusawazishe kwa mgongo wa kijiko, na ukate ungali vuguvugu. Ukisubiri upoe kabisa zitavunjika ovyo.

Kashata za karanga ni nyingine. Kwa hizo shira inatakiwa iendelee hadi tone likidondoka majini ligande na kukatika kama kioo, yaani karibu nyuzi 150. Matone machache ya ndimu huzuia sukari isirudi kuwa chembechembe. Nazo zikipoa zifungiwe mara moja kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, hasa wakati wa masika, kwa sababu sukari iliyochomwa huvuta unyevu wa hewani, na asubuhi utazikuta zimeshikana pande moja.

Vitumbua tutavigusa kwa ufupi, kwani kila nyumba ina mapishi yake na hatutaki kugombana na mtu. Ila binti aelezwe sababu. Mchele unalowekwa usiku kucha ili punje zilainike na kusagika vizuri. Tui liwe vuguvugu, lisiwe la moto, kwa sababu hamira ina uhai na joto kali huiua. Sukari kidogo huilisha hamira, nayo hutoa hewa inayofanya vipovu. Binti apewe kazi ya kuchungulia beseni na kuleta habari kwamba rojo limeumuka. Kugeuza vitumbua kwenye mafuta kusubiri mpaka avuke miaka kumi, tena mama akiwa pembeni.

Tumerudi kwenye moto. Majiko yetu ya mkaa yanakaa chini, sawasawa na kifua cha mtoto, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Shira ni mbaya kuliko maji ya moto, kwani licha ya ukali wake inaganda kwenye ngozi. Kwa hiyo jiko liwekwe pembeni, pasipo njia ya kupita, mpini wa kikaango ugeuzwe upande wa ukuta, na mtandio wa binti ufungwe nyuma au ubanwe kwa pini. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Mafuta yakishika moto yasimwagiwe maji hata kidogo. Funika sufuria kwa mfuniko.

Mtoto akiungua, mahali palipoungua pawekwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na kama hakuna bomba yamiminwe taratibu kwa kata. Pete na bangili zivuliwe mapema kabla ya kuvimba. Nguo iliyoganda kwenye ngozi isibanduliwe. Dawa ya meno, unga, yai na mafuta visipakwe. Tunajua bibi zetu walivitumia, lakini hufungia joto ndani au huleta uchafu kwenye kidonda. Akiungua usoni, mikononi, au sehemu kubwa kuliko kiganja chake, apelekwe hospitali.

Mtu atauliza, na wavulana je? Bi. Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake. Basi mbuzi ya nazi ina meno makali, na baba akiikalia yeye wakati binti anachambua karanga hatapungukiwa na kitu.

Jambo moja tunalisema kwa uwazi. Kumfundisha binti kupika ni jambo moja, na kumtwisha beseni la kashata atembeze mitaani magharibi inapoingia, wenzake wakiwa chuoni, ni jambo jingine. Tunaelewa hali za nyumba zetu, na wapo kina mama wanaosomesha watoto kwa vitumbua. Lakini mwenye kuuza na awe mtu mzima. Tumepoteza wanafunzi wazuri kwa njia hiyo, waliokwisha kufika Juzuu ya tatu, na wengine hawakurudi.

Vikishaiva, aliyeshiriki kupika aonje wa kwanza. Mtume (s.a.w.) alielekeza kuwa mtumishi aliyeandaa chakula apewe japo tonge, kwa kuwa ndiye aliyeuvumilia moto wake, sembuse mtoto wako mwenyewe? Kisha vichache viwekwe kwenye sahani, ifunikwe kawa, na binti aipeleke kwa jirani kabla ya adhana ya magharibi, awe Mwislamu jirani huyo au asiwe. Kwa desturi yetu sahani hairudi tupu. Ikirudi, kawa alifunue yeye aliyeipeleka.

Wabillahi taufiq.