Jina la Mtandaoni: Hesabu na Tahadhari

Mpenzi wa maua ya Kitulo aishiye Mbeya, na mwenzake wa Iringa apendaye zana za mawe za Isimila, wakitaka kuzungumza na wapenzi wengine kwa njia ya intaneti, kila mmoja hudaiwa jina la pekee. Hapo kompyuta humtambua mtu kwa herufi za jina lake. Majina mawili yakiwa sawa, haiwezi kuwatenganisha wenyewe.

Sharti hili ni la zamani kuliko intaneti. Wapenzi wa redio za mawasiliano hawajichagulii jina lote. Kwa makubaliano ya mataifa, ishara za stesheni za Tanzania huanza na 5H au 5I, na za Kenya 5Y au 5Z. Herufi za mwisho zikiwa tatu, zaweza kupangwa kwa njia 26 × 26 × 26, yaani 17,576.

Katika intaneti mtu huchagua mwenyewe. Neno “kitulo” likiwa limekwisha kuchukuliwa, wengi huongeza mwaka wa kuzaliwa. Je, hiyo ni busara? Wanafunzi wengi wa sekondari wa wakati mmoja wamezaliwa katika kipindi kisichozidi miaka kumi. Basi nyongeza hiyo huwapa majina yasiyozidi kumi, na papo hapo hufichua umri. Tarakimu nne zilizookotwa kwa bahati nasibu hutoa majina 10,000, wala hazimsemi mwenyewe.

Kwa hiyo jina jema hutaja akipendacho mtu, likanyamaza juu ya ukoo wake, shule yake na umri wake.