Mbunge Asiye Waziri: Kazi na Maisha Yake Yakitazamwa kutoka Delta ya Rufiji

SEHEMU YA PILI

Mbunge asiye waziri ndiye mbunge wa kawaida katika Bunge la Tanzania. Wengi wa wabunge ni wa aina hiyo. Hawaongozi wizara, hawaingii katika Baraza la Mawaziri, na sahihi zao haziwezi kutoa fedha Hazina. Jimbo la Kibiti, mkoani Pwani, limewakilishwa na watu wa namna hiyo kwa miaka mingi: Abdul Jabiri Marombwa kuanzia 2005 hadi 2015, Ally Seif Ungando kuanzia 2015 hadi 2020, kisha Twaha Mpembenwe. Mkazi wa Kiongoroni, kata mojawapo ya jimbo hilo, anapomtaja mbunge wake, basi, anamtaja mtu aliyepewa kazi ya kuuliza, kuchunguza na kupiga kura. Kuamuru na kugawa ni kazi ya Serikali. Tofauti hiyo isipoeleweka, mbunge mzuri hulaumiwa kwa mambo asiyoyaweza, na mbunge mvivu husifiwa kwa mambo ambayo si yake.

Jimbo lenye nchi mbili

Kibiti ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji kabla ya kuwa wilaya kamili katika miaka ya 2015 na 2016. Upande wake wa magharibi umeshikana na barabara kuu iendayo Lindi, nako kuna miji na vituo vya Bungu, Jaribu Mpakani na Kibiti yenyewe. Upande wa mashariki ni Delta, yaani kata za majini kama Kiongoroni, Mbuchi, Msala, Maparoni na Salale, ambako barabara ni mito na vijito. Maji yakipwa, chombo hukwama topeni hadi yajae tena. Mikoko ya Delta hufunika takriban hekta 53,000, na ndiyo misitu ya mikoko iliyoshikana pamoja iliyo mikubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya ardhi oevu za kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Jiografia hiyo huamua kazi ya mbunge. Kata za barabarani zinaweza kuzungukwa kwa gari ndani ya siku chache. Kata za Delta zinahitaji boti, mafuta, nahodha na hesabu ya maji. Madai yao pia hutofautiana. Wa barabarani hudai lami, umeme na soko la korosho. Wa Delta hudai boti ya wagonjwa, maji ya kunywa yasiyo na chumvi, mwalimu atakayekubali kukaa kisiwani, na haki ya kulima mpunga na kuvuna mikoko katika misitu ambayo sheria inaihesabu kuwa hifadhi. Kura za pande zote mbili huingia katika sanduku la jimbo moja.

Mlango wa kuingilia

Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea awe raia aliyetimiza umri wa miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Sharti la mwisho ndilo zito kuliko yote. Tanzania haina mgombea binafsi, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika shauri lililofunguliwa na Mchungaji Christopher Mtikila na wenzake, iliamua Juni 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki. Katika majimbo mengi ushindani mkali zaidi humalizikia katika kura za maoni na vikao vya uteuzi ndani ya chama, kabla mpigakura wa kawaida hajaona karatasi.

Mlango huo humfanya mbunge awe na waajiri wawili. Wananchi humpa kura, chama humpa tiketi. Kwa mujibu wa Ibara ya 71, mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka Bungeni, kiti chake huwa wazi hata kama jimbo zima bado linamtaka. Mwaka 1968, enzi ya chama kimoja, Joseph Kasella-Bantu na wabunge wengine walifukuzwa TANU na kupoteza viti. Tangu hapo kila mbunge asiye waziri hupima maneno yake kwa mizani mbili: ya jimbo na ya chama.

Swali, silaha ya kwanza

Ndani ya ukumbi wa Bunge jijini Dodoma, kikao cha asubuhi huanza na maswali. Ibara ya 63 inampa mbunge haki ya kumwuliza waziri yeyote jambo lolote la umma lililo chini ya wizara yake. Swali la msingi hupelekwa mapema kwa maandishi, waziri au naibu wake hulijibu mbele ya Bunge, kisha mwuliza huruhusiwa maswali ya nyongeza. Siku ya Alhamisi, Bunge linapokuwa katika vikao, upo muda wa kumwuliza Waziri Mkuu maswali ya papo kwa papo.

Swali la Delta huweza kusomeka hivi: "Je, ni lini Serikali itapeleka boti ya kubebea wagonjwa katika kata za Delta?" Jibu linalozoeleka ni kwamba Serikali inatambua umuhimu wa jambo hilo na italitekeleza kadiri fedha zitakavyopatikana. Hapo ndipo mbunge hodari hupambanuka na mbunge wa kujionesha. Hodari hutumia swali la nyongeza kubana: mwaka gani wa fedha, fungu gani, kasma ipi, kiasi gani. Jibu lenye mwaka na kiasi huingia katika Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, na mwaka unaofuata linaweza kusomwa tena mbele ya waziri yuleyule. Ahadi ya jukwaani husahaulika. Iliyoandikwa katika Taarifa Rasmi hubaki kuwa deni. Kinga ya Ibara ya 100, inayozuia mtu kushtakiwa kwa aliyoyasema katika majadiliano ya Bunge, ipo ili swali la aina hiyo liulizwe bila woga.

Bajeti na kushika shilingi

Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge hukaa katika mkutano wa bajeti. Hapa mbunge asiye waziri hukutana na mpaka mkubwa wa mamlaka yake. Ibara ya 99 inasema hoja ya kutoza kodi au kuongeza matumizi ya Serikali haiwezi kushughulikiwa isipokuwa iwe imependekezwa na Rais na kuwasilishwa na waziri. Mbunge wa Kibiti hawezi kusimama akaandika katika bajeti kiasi cha kujengea zahanati Kiongoroni. Anaweza kuomba, kushawishi na kuzuia.

Njia ya kuzuia inaitwa kushika shilingi. Wizara inapopitiwa fungu kwa fungu, mbunge asiyeridhika na maelezo hutangaza kuondoa shilingi katika mshahara wa waziri. Shilingi yenyewe haina uzito, lakini hoja hulazimisha mjadala wa jambo hilo moja, na waziri hulazimika kutoa maelezo ya kuridhisha au kuhesabiwa kura. Mara nyingi shilingi hurudishwa baada ya waziri kuahidi jambo mahususi, na ahadi hiyo ndiyo faida.

Kukataa bajeti nzima ni jambo jingine, kwa sababu Katiba inamruhusu Rais kulivunja Bunge litakalofanya hivyo. Tishio hilo lina historia. Mwaka 1973 wabunge waliukataa muswada wa kodi ya mapato. Rais Julius Nyerere akaonya kwamba angelivunja Bunge, na muswada ukapita.

Kamati na hoja

Kazi nzito ya Bunge hufanyika katika kamati, mbali na kamera. Mfano bora wa mbunge asiye waziri aliyetumia kamati ni Deo Filikunjombe wa Ludewa, aliyechaguliwa kwa tiketi ya CCM mwaka 2010. Aprili 2012, baada ya taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonesha ubadhirifu, Zitto Kabwe wa Kigoma Kaskazini alianza kukusanya sahihi za hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Filikunjombe alitia yake, ingawa hoja ililenga serikali ya chama chake. Hoja haikufika kwenye kura, lakini Mei mwaka huo Rais Jakaya Kikwete alibadilisha Baraza la Mawaziri na kuwaacha mawaziri sita. Mwaka 2014, Filikunjombe akiwa makamu mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto, kamati hiyo iliwasilisha taarifa ya fedha zilizochotwa katika akaunti ya Tegeta Escrow. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu na mawaziri wawili wakapoteza nafasi zao. Filikunjombe alifariki kwa ajali ya helikopta tarehe 15 Oktoba 2015, siku kumi kabla ya uchaguzi mkuu.

Hoja binafsi nayo inaweza kutikisa nchi. Mwaka 1993 wabunge 55, wakiongozwa na Njelu Kasaka wa Lupa, walitaka kuwe na Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Hawakufanikiwa, lakini swali walilolileta lilirudi katika kila mjadala wa Katiba uliofuata.

Kutoka kuuliza hadi kujibu

Mabadiliko ya Mei 2012 yaligusa Rufiji moja kwa moja. Dkt. Seif Seleman Rashid, mbunge wa Rufiji tangu 2010, aliteuliwa Naibu Waziri wa Afya, na mwaka 2014 akawa waziri kamili. Mohamed Mchengerwa, aliyechukua jimbo hilo mwaka 2015, alikuwa mbunge wa kawaida katika kipindi chake cha kwanza, na mwaka 2021 akawa waziri.

Jimbo hushangilia uteuzi kama huo, na lina sababu, kwa kuwa waziri husikika mezani ambako mipango huanza. Lakini kuna kinachopotea. Waziri anafungwa na wajibu wa pamoja wa Baraza la Mawaziri. Hasimami tena kuiuliza Serikali kwa nini kata fulani haina zahanati. Jimbo lililopata mjibu wa maswali limempoteza mwuliza maswali.

Kazi ya jimboni

Nje ya Dodoma, mbunge ni mjumbe wa Baraza la Madiwani la halmashauri yake. Pia huongoza kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao fedha zake husaidia miradi midogo iliyoanzishwa na wananchi. Zaidi ya hayo huombwa ada za shule, nauli za wagonjwa na michango ya misiba. Hakuna sheria inayomtaka atoe, ila kukataa humgharimu kura, na ndiyo maana wabunge wengi huingia madeni.

Kazi kubwa ya jimboni ni kuyaona mambo kabla hayajawa msiba. Mwaka 1997 Serikali iliidhinisha mradi mkubwa wa ufugaji wa kamba katika Delta, licha ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira kushauri vinginevyo. Wanavijiji walikwenda Mahakama Kuu wakisaidiwa na wanasheria watetezi wa mazingira, na mradi haukutekelezwa. Watu wa Delta walilazimika kudai mahakamani mjadala ambao ulipaswa kumalizwa na wawakilishi wao mapema. Aprili 2024 mafuriko ya Mto Rufiji yaliharibu mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, na likaibuka swali la maji yanayofunguliwa katika Bwawa la Julius Nyerere, lililo juu ya mto huo. Ratiba ya kufungua maji, tahadhari kwa wa chini ya mto na mbegu za kupandia upya ni maswali ya mbunge kabla ya kuwa maombi ya msaada.

Mwisho wa safari

Umaarufu haumlindi mbunge. Mfano mkubwa ni Bibi Titi Mohamed, aliyewakilisha Rufiji. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akaingia TANU akitokea katika vikundi vya ngoma, na mwaka 1955 aliingiza wanawake zaidi ya 5,000 katika chama kwa miezi michache tu. Baada ya Uhuru alikuwa waziri mdogo na mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake. Katika uchaguzi wa 1965, wa kwanza wa chama kimoja, ambapo wagombea wawili walitambulishwa kwa alama za jembe na nyumba, wapigakura wa Rufiji walimwacha. Baadaye alishtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na akasamehewa mwaka 1972. Alifariki mwaka 2000, na barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Taifa lilimkumbuka kwa Uhuru, lakini kiti cha jimbo kilikuwa kimeamuliwa kwa hesabu nyingine.

Hesabu hiyo bado iko mikononi mwa mpigakura, na inaweza kufanywa kwa vipimo vilivyo wazi: mahudhurio ya mbunge katika vikao na kamati, maswali aliyouliza kuhusu kata za majini na za barabarani, majibu aliyoyapata, yenye mwaka na kiasi, na kama alirudi kijijini kusoma majibu hayo mbele ya waliomtuma, hata yalipokuwa mabaya. Madawati na mifuko ya saruji si kipimo, kwa kuwa mtu yeyote mwenye fedha anaweza kuvitoa. Kuiita Serikali ijibu, kwa jina la Kiongoroni na mbele ya taifa, ni jambo linaloweza kufanywa na mbunge peke yake.

Sehemu ya tatu itaeleza wabunge wa viti maalumu.