Utumbo Unapotoboka

Fufu, maharagwe, sombe. Sahani hiyo ya kila siku ya Butembo na Beni ingemfurahisha Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1971, yeye na Neil Painter walidai kwamba vijifuko vinavyochomoza kwenye utumbo mpana, yaani divertikula, huwapata walioacha vyakula vya nyuzinyuzi. Madaktari wangali wanabishana. Nchini Uingereza, vijifuko hivyo hutoboka kwa watu wapatao 4 kwa kila 100,000 kwa mwaka, wengi wao wazee.

Huku Kivu Kaskazini, utumbo unapotoboka, mshukiwa wa kwanza ni mwingine: tifoide, ambayo huwapata zaidi watoto na vijana. Kati ya Septemba 2004 na Januari 2005, Kongo iliripoti wagonjwa 42,564 wa tifoide. Kati yao, 696 walipata peritonitisi (uvimbe wa utando wa ndani ya tumbo) au kutoboka kwa utumbo, na 214 kati ya wagonjwa wote wakafa.

Chanzo chochote kile, kinyesi kikimwagika ndani ya tumbo, hilo hukakamaa kama ubao na mgonjwa hujikunja, hataki hata kuguswa na shuka. Hapo vidonge vya duka la dawa havitoshi, anahitaji kupasuliwa. Usingoje kupambazuke, mpeleke hospitali usiku huohuo.