Pumu: Kwa Nini Dawa Isiachwe Kifua Kinapotulia

Mgonjwa wa pumu anapopata nafuu, mara nyingi familia huamini kwamba ugonjwa umekwisha, na pampu ya dawa huwekwa kando. Hata hivyo, ndani ya mapafu chanzo cha shambulio lijalo huwa bado kipo.

Mwili wa kila mtu una seli za ulinzi ziitwazo masti, zilizopewa jina hilo na mwanasayansi Mjerumani Paul Ehrlich katika miaka ya 1870. Seli hizi huzaliwa katika uboho wa mifupa, husafiri ndani ya damu zikiwa changa, kisha hukomaa katika ngozi, utumbo na kuta za njia za hewa. Kila moja hubeba punje zenye kemikali kali, ikiwemo histamini, zinazosaidia mwili kupambana na wavamizi kama minyoo.

Kwa mwenye pumu, seli hizi huongezeka na kupenya hadi kwenye misuli inayozunguka njia za hewa. Utafiti wa Leicester, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2002, uliwalinganisha wenye pumu na wagonjwa wa kikohozi waliokuwa na uvimbe kama wao. Seli za masti zilijaa katika misuli ya wenye pumu peke yao.

Vumbi au chavua inapozigusa, humwaga kemikali zake. Misuli hubana, kuta huvimba na ute huziba njia. Moshi wa kuni jikoni, au wa mabanda ya kubanikia migebuka, huzidi kuzichokoza njia hizo.

Kwa sababu hiyo, dawa ni za aina mbili. Salbutamol hulegeza misuli ndani ya dakika chache, lakini haiondoi uvimbe. Beclomethasone, inayovutwa kila siku, hutuliza uvimbe taratibu. Ndiyo isiyopaswa kuachwa bila ushauri wa mtaalamu.

Kwa wakazi wa Mwamgongo, kinga ina uzito wa pekee: safari ya boti hadi Hospitali ya Maweni, Kigoma, ni ngumu usiku ziwa linapochafuka. Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi, mwenye midomo inayogeuka rangi, au ambaye pampu haimsaidii, apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya kilicho karibu, pasipo kungoja kuche.