Darasa la Kazini Lahamia Sebuleni

Elimu haina mwisho, walisema wahenga. Hawakutuambia, hata hivyo, saa za kusoma zitakatwa wapi, wala ni nani atakayelipia bando.

Zamani mfanyakazi wa Nairobi alipotumwa mafunzoni, mtaa mzima ulijua. Mtumishi wa serikali alifunga mkoba akaelekea Lower Kabete, katika chuo cha utawala kilichoanzishwa mwaka wa 1961, ambacho leo kinaitwa Kenya School of Government. Huko alilala na kula, na mshahara wake haukukatika. Karani naye alipanda ngazi za majumba ya Barabara ya Tom Mboya kujifunza kupiga taipu na hatimkato. Taipureta hizo zimenyamaza, na chuo cha Lower Kabete chenyewe sasa hutoa baadhi ya kozi zake kwa mtandao.

Anayetaka kuelewa mabadiliko haya na awatazame wauguzi. Mnamo 2005, shirika la AMREF, lenye makao karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, lilishirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture kuanzisha masomo ya tarakilishi. Wakati huo wauguzi wapatao 20,000 walikuwa na cheti tu, ilhali maradhi kama Ukimwi yalidai ujuzi mpya, na ilitakikana wafikie kiwango cha diploma. Vyuo vilivyokuwepo vingeweza kuwapandisha wauguzi 100 hivi kwa mwaka. Piga hesabu, msomaji: miaka 200! Isitoshe, ni nani angebaki wodini iwapo wote wangekwenda shuleni?

Basi darasa likapelekwa kwa muuguzi. Tarakilishi ziliwekwa hospitalini na vyuoni, naye akasoma zamu ikiisha, huku akiendelea na kazi na mshahara wake. Waliofaulu kwa njia hiyo ni maelfu, na wengi wao wasingepata nafasi hiyo kamwe. Mazoezi ya mikono hayakuondolewa, na hilo lilikuwa jambo la busara. Kutafuta mshipa wa mtoto mchanga hakufundishwi kwa kubofya.

Lakini tusishangilie kupita kiasi. Tangu ugonjwa wa Covid-19 uingie nchini Machi 2020, waajiri wengi wameonja utamu wa mafunzo yasiyohitaji hoteli, nauli wala mtu wa kushika zamu. Gharama hizo hazikuyeyuka zote. Nyingine zimehamia Kawangware, Kangemi na Uthiru. Mama anarejea saa mbili usiku, anapika, kisha anafungua somo kwenye simu ileile ambayo mtoto anaingojea kwa kazi ya shule. Stima ikipotea, somo linalala. Karani wa benki katikati ya jiji ana kozi ya kupambana na ulanguzi wa fedha ya kumaliza kabla ya mwisho wa mwezi. Anabofya, anabofya, cheti kinatoka. Si ajabu kijana wake wa sekondari ndiye aliyembofyia! Mafunzo ya namna hiyo humfaa mkaguzi wa mafaili zaidi ya mteja.

Kuna jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalijui. Chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, mwajiri hulipa ushuru wa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi. Pesa hizo ni za mwajiri. Hazitolewi kwenye mshahara wako. Hupokewa kwa niaba ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, na mwajiri anayewafunza watu wake kwa kufuata masharti anaweza kuomba arudishiwe sehemu ya gharama. Kwa hivyo bosi anaposema hakuna fungu la mafunzo, mwulize kwa adabu kama amewahi kudai haki hiyo. Mwulize pia ni saa zipi za kazi zimetengwa kwa somo hilo, na kama bando ni lake au ni lako.

Kuhusu kozi unazojilipia mwenyewe, uliza kwanza kama cheti chake kinatambuliwa. Muuguzi ataulizia katika baraza lake, lililo Kabarnet Lane, kando ya Barabara ya Ngong. Fundi ataulizia NITA, Commercial Street, kwenye Eneo la Viwanda. Aulize kabla ya kutuma pesa kwa simu.