Neno "Crush" na Maana Yake

Siku moja kijana wa Mwamgongo aliniletea barua nimsahihishie kabla haijapakiwa katika mashua iendayo Kigoma. Alikuwa amemwandikia binti mmoja kwa Kiingereza, "I crush you." Yeye alidhani amesema, "Moyo wangu umekuelekea." Kumbe amesema, "Nakuponda!" Barua hiyo kama ingalifika mikononi mwa kaka yake binti, sijui kijana angalijitetea kwa maneno gani.

Basi, wasikilizaji wetu, na tulitazame neno hili. Maana yake ya kwanza ni kuponda, vile vile kama mama zetu wapondavyo kinuni chikichi zilizochemshwa ili kupata mawese. Maana ya mapenzi ilizuka Marekani, nayo yaonekana katika maandishi ya mwaka 1884. Kabla yake palikuwa na neno "mash", ambalo nalo ni kuponda, na wako wataalamu wadhanio kwamba "crush" lilitokana na hilo kwa mzaha.

Lakini katika maana hiyo neno hutumika kama jina la kitu. Mwingereza husema, "I have a crush on her," yaani anacho kitu hicho moyoni kwa ajili ya fulani. Aliyepondwa ni msemaji mwenyewe! Kijana wetu aliugeuza mchi.

Tena ni mapenzi ya upande mmoja, mara nyingi ya siri, na apendwaye pengine hana habari kabisa. Hutajwa zaidi juu ya vijana, na watu hutazamia kwamba yatapita. Chikichi ikipondwa, nyama yake hulainika, bali kokwa hubaki nzima. Mume hasemi hivyo juu ya mkewe, ila kwa utani. Sisi tuna huba, mahaba na ashiki, lakini yote ni mazito mno. Ashiki humkondesha mtu. Mimi hupenda kulifasiri hivi: "Amezuzuka na fulani." Kwa hiyo binti akiambiwa neno hili asidhani ameposwa, wala wazazi wasianze kuhesabu mahari.

Nilipokwisha kumweleza hayo, kijana aliuliza aandike nini badala yake. Nami nikamwuliza kama ataka kuposa. Akanyamaza kitambo, akaikunja barua, akaitia mfukoni. Mashua ikaondoka bila barua yake.